Ridgeway kwa baiskeli ya mtumba: njia, goti na ruhusa ya kupita

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 46, ni muuguzi, naishi Reading mwaka wa tisa sasa. Nilipokuwa mtoto Moshi nilikuwa naendesha Phoenix ya baba kupeleka mahindi mashineni, lakini tangu nije Uingereza sikugusa baiskeli hadi mwaka jana, niliponunua ya milima, ya mtumba, magurudumu ya inchi 26. Wenzangu kazini wanasema njia ya Ridgeway ni tulivu na naweza kutoka Avebury hadi Goring kwa siku moja. Nikifungua video naona vijana wanaruka majabali. Nani mkweli? Mimi nataka kuyaona mawe ya kale na yule farasi mweupe, si kuvunjika shingo. Goti la kulia linaniuma mbele nikipanda mlima. Tena sijui kama nina ruhusa ya kupita kwenye mashamba ya watu, na ninaogopa kufukuzwa, hasa mimi mwanamke mweusi nikiwa peke yangu huko. Baiskeli yangu itatosha, au nitafute mpya? Nafikiria mwisho wa Mei."

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ndani yake mna maswali manne na kila moja lina uzito wake. Nianze na lile la nani mkweli. Wenzako wa kazini wanasema kweli, na video nazo hazidanganyi, ila hawazungumzii kitu kimoja. Baiskeli ya milima ilipata jina lake California miaka ya 1970, wakati vijana walipokuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za zamani, na tangu siku hizo picha ya mtu aliye hewani haijaiacha. Lakini sifa zinazokufaa wewe katika baiskeli hiyo ni tairi pana, gia nyepesi na breki zinazoshika. Ridgeway haina jabali la kuruka. Ni njia pana, mahali pengi gari lingepita bila shida, inayofuata mgongo wa vilima, kushoto kwako bonde na kulia kwako mashamba ya ngano, na juu yako ndege anayeimba bila kutua.

Wenzako wamekosea kwenye jambo moja tu: wamesikia "tulivu" wakaelewa "rahisi". Urefu wa vilima hautakutisha. Kilima cha Liddington, kimojawapo cha virefu zaidi hapo njiani, kina mita 277 tu juu ya usawa wa bahari. Moshi ulikokulia iko juu zaidi ya mara mbili ya hapo. Kinachochosha ni ardhi yenyewe. Kwenye lami mtu wa kawaida huenda kilomita 18 au 20 kwa saa bila kujiumiza. Juu ya chaki na nyasi, pamoja na mageti ya kufungua na pumzi ya kuvuta, mgeni wa njia hizi huenda kilomita 9 au 10. Kutoka Overton Hill, karibu na Avebury, hadi Streatley, kijiji kinachotazamana na Goring ng'ambo ya Mto Thames, ni takriban kilomita 70. Piga hesabu mwenyewe: saa saba hadi nane juu ya siti, kabla hujasimama kutazama chochote. Mwendeshaji aliyezoea anaweza. Wewe pia pengine utaweza, lakini utampita farasi mweupe, ile sura kubwa ya chaki iliyochorwa kilimani, umeinamisha kichwa, unawaza treni.

Hiyo chaki nataka nikueleze vizuri, kwa sababu ukiielewa utaelewa karibu kila kitu cha njia hiyo: kwa nini inateleza, kwa nini haina maji, kwa nini inapasua tairi, na hata kwa nini farasi yule ni mweupe.

Vilima vile ni sakafu ya bahari ya kale. Mamilioni ya miaka iliyopita, maganda ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho yalitua chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, yakashikamana kuwa jiwe laini jeupe. Chukua kipande cha jiwe hilo kikiwa kikavu: kina mkwaruzo, kinashika. Kiloweshe, kisugue kati ya vidole viwili, utapata uji laini kama losheni. Hivyo ndivyo inavyokuwa njia ikinyeshewa. Chini kuna chaki ngumu iliyoshindiliwa na magurudumu ya miaka mingi, na juu yake utando mwembamba wa uji huo. Tope la kawaida lina kina, na meno ya tairi yanazama yakapata pa kushika. Juu ya chaki iliyolowa hayana pa kuzama, kwa hiyo hata tairi yenye meno makubwa hupepesuka, na hasa pale ambapo njia imelala upande. Anayeanguka Ridgeway kwa kawaida anaangukia hapo: mteremko mdogo, njia imeinama kidogo, mvua imekatika saa moja iliyopita, naye akabana breki ya mbele huku amekata kona.

Kwa hiyo kama imenyesha, punguza mwendo wakati bado umenyooka, achia breki unapopinda, na pale penye nyasi pembeni, ndani ya njia yenyewe, pita kwenye nyasi. Ukiona mfereji uliochimbwa na magurudumu ya trekta, chagua kuingia ndani yake au kukaa nje yake mapema. Kubadili mawazo katikati, gurudumu la mbele likiwa kwenye ukingo, ndiko kunakoangusha. Na hakuna aibu yoyote kushuka ukasukuma. Mwisho wa Mei umechagua vizuri: njia huwa imeanza kukauka baada ya majira ya baridi, na jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo hutakimbizana na giza.

Ndani ya chaki hiyo mna gumegume, lile jiwe ambalo watu wa kale walilipasua kutengeneza visu na shoka. Likivunjika linakuwa na makali ya kioo. Ndilo adui wa tairi huko, kuliko mwiba. Kila unaposimama kunywa maji, zungusha magurudumu polepole, tazama kama kuna kipande kimeng'ang'ania kwenye mpira, king'oe kabla hakijafika ndani. Dakika moja inakuokoa nusu saa ya kuziba pancha.

Tena chaki hunywa maji. Mvua inazama moja kwa moja, haikai juu, ndiyo maana huko mgongoni hakuna kijito, hakuna kisima, na karibu hakuna kijiji. Vijiji vyote viko chini, kwenye mstari ambapo maji yaliyozama hukutana na udongo mzito na kuchomoza kama chemchemi. Yapo mabomba machache yaliyowekwa kwa ajili ya wapita njia, lakini usiyategemee. Beba lita mbili na nusu, na ujue kwamba kushuka kijijini kutafuta maji ni kupanda tena mita mia moja na zaidi. Nimeshawaongoza watu waliobeba chupa moja ya nusu lita kwa sababu "Uingereza hakuna joto", na jua la juu pale, bila mti hata mmoja, likawafundisha kabla ya saa sita mchana.

Sasa ruhusa, maana naona ndipo hofu yako ilipolala.

Uingereza kuna kitu ambacho kwetu hatuna kwa namna hiyo: haki ya umma ya kupita juu ya ardhi ya mtu binafsi kwenye njia zilizosajiliwa. Shamba ni la mwenyewe, lakini njia ni ya kila mtu. Hapiti kwa hisani ya mwenye shamba, wala haombi. Ila njia hizo zina ngazi, na haki ya baiskeli inategemea ngazi. Kibao cha "Public Footpath", mshale wa njano, ni cha mtu wa miguu peke yake; baiskeli haina haki hapo. "Public Bridleway", mshale wa bluu, ni njia ya farasi, na tangu sheria ya mashambani ya mwaka 1968 baiskeli inaruhusiwa, kwa sharti kwamba uwapishe watembea kwa miguu na wapanda farasi. Halafu kuna "Restricted Byway", mshale wa zambarau, na "Byway", mshale mwekundu. Zote mbili zako. Ridgeway yenyewe ina alama ya tunda la mti wa mwaloni, lakini alama hiyo inakuonyesha njia tu, haikuambii kama baiskeli inaruhusiwa. Tazama rangi ya mshale.

Kwa bahati yako, sehemu yote ya magharibi, kutoka Overton Hill hadi Streatley, ni wazi kwa baiskeli. Ukivuka Mto Thames kuendelea mashariki kuelekea Ivinghoe Beacon, ambako Ridgeway inaishia baada ya kilomita 139, utakutana na vipande vingi vya mshale wa njano. Ndiyo maana nakushauri usimame mtoni.

Ukijikuta kwa makosa kwenye njia ya miguu, hujatenda jinai. Kwa kawaida ni suala la madai kati yako na mwenye ardhi, na anachoweza kukuambia ni uondoke. Shuka, sukuma, rudi ulikotoka. Hofu yako ya kuwa mwanamke mweusi peke yako huko siipuuzi hata kidogo, na sitakuambia kwamba hakuna mtu atakayekukodolea macho. Ninachokuambia ni kwamba haki ya njia haina rangi, na kuijua kunabadilisha namna unavyosimama. Beba ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, zile za Explorer za kipimo cha 1:25,000. Namba 157 na 170 zinakubebea sehemu kubwa ya safari hii. Njia za umma zimechorwa humo kwa vistari vya kijani, vifupi kwa miguu, virefu kwa farasi. Mtu akikuuliza unafanya nini hapa, weka kidole kwenye ramani. Na kwa mara ya kwanza, kama kuna rafiki mmoja anayeweza kuja, njoo naye. Si kwa sababu ya watu tu. Ukiteguka mguu kule juu, mtu wa pili ana thamani kubwa kuliko simu, ambayo mtandao wake huja na kupotea.

Farasi ndio utakaokutana nao zaidi kuliko wenye mashamba wakali. Upande wa kusini wa njia yako kuna Lambourn, ambako farasi wa mashindano hufundishwa, na asubuhi huwa kuna mazoezi. Farasi huogopa kitu kinachokuja kimyakimya nyuma yake, na baiskeli ni kimya. Ukiwa mbali bado, sema kwa sauti "good morning", subiri aliyepanda akuone, kisha pita polepole kwa nafasi. Ng'ombe wenye ndama wazungukie kwa mbali, usipite kati yao na ndama. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge.

Haya, mawe. Hapa nitakaa kidogo, unisamehe, kwa sababu ndiyo sababu yako ya kwenda na ndiyo yangu pia.

Avebury ni duara kubwa kuliko maduara yote ya mawe ya Uingereza, kubwa kiasi kwamba kijiji kimekaa ndani yake, na barabara ya magari inakatiza katikati. Lilijengwa kwa awamu kati ya miaka ipatayo 2850 na 2200 K.K. Tofauti na Stonehenge, hakuna kamba wala tiketi ya kuingia kwenye duara. Unatembea kati ya mawe, unaweka kiganja juu yake. Kondoo wanalala kwenye kivuli chake. Mawe mengi unayoyaona yamesimama tena kwa juhudi za Alexander Keiller, mtu aliyerithi utajiri wa kiwanda cha jemu ya machungwa, ambaye miaka ya 1930 aliyafukua na kuyasimamisha upya; karne mbili kabla yake wanakijiji walikuwa wakiyachoma moto na kuyamwagia maji baridi yapasuke, wapate mawe ya kujengea. Chini ya jiwe moja, mwaka 1938, wachimbaji walikuta mifupa ya mtu wa zama za kati pamoja na mkasi na chombo cha kitabibu, na pesa za wakati wake. Wewe muuguzi nadhani atakugusa huyo.

Funga baiskeli yako kijijini, usiingie nayo kwenye mawe. Na hapo hapo utaona ile sheria ya mishale ikifanya kazi. Kilima cha Silbury, kilichojengwa kwa mikono yapata mwaka 2400 K.K., kinatazamwa kutoka chini tu; hairuhusiwi kukipanda. Kaburi refu la West Kennet, la miaka ipatayo 3650 K.K., unalifikia kwa njia ya miguu. Kwa hiyo tenga nusu siku nzima ya kutembea. Watu wengi wa baiskeli hulikosa kaburi hilo kwa sababu hawataki kushuka, na ni mahali ambapo unaweza kuingia ndani, ukasimama kwenye vyumba vya mawe ambamo watu walilazwa kabla piramidi za Giza hazijajengwa.

Ukipanda Overton Hill sasa uko kwenye Ridgeway yenyewe. Baada ya kilomita kama kumi unaingia Barbury, ngome ya Zama za Chuma yenye mitaro na matuta ya udongo, na njia inapita katikati yake. Kutoka hapo hadi Ogbourne St George ni mteremko wa nyasi juu ya mgongo mwembamba, kwangu mimi kipande kizuri kuliko vyote. Kisha unalipia: kupanda Liddington, halafu kipande cha lami chenye magari hadi Foxhill, ukivuka juu ya barabara kuu ya M4. Hapo vaa rangi inayoonekana. Pale Foxhill unakatiza pia barabara ya Warumi iliyonyooka kama rula.

Miti mirefu ya aina ya beech unayoiona baada ya hapo, kando ya njia, inazunguka Wayland's Smithy. Ni kaburi juu ya kaburi. La kwanza, la yapata mwaka 3590 K.K., lilikuwa na mifupa ya watu 14. Miongo kadhaa baadaye likafunikwa na kubwa zaidi lenye mawe marefu mlangoni. Watu waliokuja maelfu ya miaka baadaye hawakujua ni nini, wakasema ni karakana ya Wayland, mhunzi wa hadithi: ukimwacha farasi wako hapo na sarafu ya fedha, ukirudi utamkuta amepigiliwa viatu vya chuma kwatoni. Ni mahali pa baridi hata mchana. Mimi huwa nazima simu nikifika.

Kilomita mbili mbele ni Uffington. Usitegemee kumwona farasi mzima ukiwa juu. Ana urefu wa mita 110, na ukiwa umesimama karibu naye utaona mstari mweupe unaopinda kwenye nyasi, basi. Hakuchorwa kwa kukwangua majani tu. Walichimba mitaro wakaishindilia chaki iliyopondwa. Kwa muda mrefu watu walimhusisha na mfalme Alfred, aliyezaliwa Wantage mwaka 849, lakini vipimo vya miaka ya 1990, vilivyopima mara ya mwisho udongo ulipoona mwanga wa jua, vilimrudisha nyuma hadi kati ya mwaka 1380 na 550 K.K. Asiposafishwa, majani yanamfunika ndani ya miaka michache. Maana yake kwa miaka elfu tatu, kizazi baada ya kizazi, mtu fulani amepanda kilima kile kumpalilia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walimfunika makusudi, marubani wa Kijerumani wasimtumie kujua walipo. Pita juu ya nyasi, usimkanyage. Sura yake yote utaiona vizuri zaidi ukiwa bondeni.

Neno moja kuhusu ile sifa kwamba Ridgeway ni "barabara ya miaka 5,000", utaisoma kila mahali. Makaburi na ngome umri wao umepimwa. Njia yenyewe, kama mstari mmoja mrefu, wanaakiolojia hawakubaliani. Kuna mahali karibu na Avebury ambapo inapita juu ya mashamba ya wakati wa Warumi, kwa hiyo hapo ni changa kuliko mashamba hayo. Wachungaji walioswaga kondoo kwenda sokoni waliitumia sana, hilo halina ubishi.

Basi goti. Maumivu ya mbele ya goti wakati wa kupanda, kwa mtu aliyerudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi, mara nyingi yana sababu mbili za kurekebishika. Ya kwanza ni siti iliyo chini mno. Goti likikunjwa sana huku unakandamiza pedeli, kile kifupa cha mbele kinagandamizwa kwa nguvu juu ya paja. Kaa kwenye siti ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unatakiwa kunyooka bila nyonga kuinama. Ukikanyaga sasa kwa mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Pandisha siti kidogo kidogo, nusu sentimita kwa siku. Maumivu yakihamia nyuma ya goti, umezidisha. Sababu ya pili ni gia nzito. Sisi tuliokulia kwenye Phoenix isiyo na gia tumezoea kukandamiza. Mlima ni nguvu. Baiskeli yako inakutaka ufanye kinyume: ingia gia nyepesi kabla mlima haujaanza, zungusha miguu haraka na kwa wepesi, hata ukienda polepole kama mtu anayetembea.

Jaribu hivyo kwa wiki tatu kabla ya safari, kando ya mfereji wa Kennet na Avon unaoanzia hapo hapo kwenu Reading. Ni tambarare na utaweza kurudi wakati wowote. Lakini kama goti linavimba, linakwama, linakuachia ghafla, au linakuuma usiku ukiwa umelala, usihangaike na siti. Nenda kwa daktari wako au kwa mtaalamu wa viungo akulishike kwa mkono. Unawaambia wagonjwa hivyo kila siku, nawe jiambie.

Baiskeli mpya usinunue. Inchi 26 ni kipimo cha zamani, madukani siku hizi wanauza kubwa zaidi, lakini chaki haijui mtindo. Mpelekee fundi, umwambie akague mambo haya hasa: mpira wa breki, cheni iliyolegea kwa uchakavu, na mpira wa tairi kama una nyufa pembeni. Nyufa zikiwepo, nunua tairi mbili mpya za upana wa inchi 2 au zaidi, na hapo pesa yako imekwenda mahali pake. Upepo usijaze mpaka tairi iwe jiwe. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, psi 30 hadi 35 (kipimo cha upepo kilichoandikwa kwenye pampu) inatosha. Tairi ngumu hurukaruka juu ya gumegume na kukutingisha mikono. Tairi laini mno inabanwa hadi rimu ikutoboe tyubu kwa matundu mawili. Beba tyubu mbili, viraka na solushoni, pampu, na ujifunze kufungua gurudumu nyumbani, si kilimani. Kofia ngumu sheria haikulazimishi. Vaa.

Kuna watakaokuambia ukodi baiskeli ya umeme. Kwa goti ni msaada wa kweli, na ile ya kawaida ambayo injini yake huacha kusaidia baada ya kilomita 25 kwa saa sheria inaihesabu kama baiskeli. Hasara yake ni uzito: ukilazimika kuisukuma au kuinyanyua juu ya tope, ndipo goti litakapolia. Mimi ningeijaribu kwanza siku moja karibu na nyumbani. Njia ya South Downs, kutoka Winchester hadi Eastbourne, kilomita 160, nayo ni nzuri na ni ya farasi mwanzo hadi mwisho, lakini kupanda na kushuka kwake ni kwingi zaidi. Iache kwa mwaka mwingine.

Mpango wangu kwako ni siku tatu. Ya kwanza, treni hadi Swindon, asubuhi. Weka nafasi ya baiskeli mapema, kwa sababu treni za mbali zina nafasi chache mno. Kisha barabara ndogo hadi Avebury, mchana wa kutembea kati ya mawe, ulale karibu na hapo. Siku ya pili, kama kilomita 38 hadi Uffington, na ulale kijijini chini ya kilima. Siku ya tatu, kama kilomita 32 hadi Streatley. Elekea mashariki hivyo, usigeuze, kwa sababu upepo wa huko mara nyingi hutoka kusini-magharibi, nao utakusukuma mgongoni. Goti likikataa siku ya pili, Ogbourne unaweza kuacha kilima na kurudi Swindon kwa njia ya reli ya zamani ya Chiseldon, tambarare na kwa sehemu kubwa bila magari.

Jioni jikague nyuma ya magoti na kiunoni kama kuna kupe, maana majani marefu ya Mei wanayapenda. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi. Wiki zinazofuata, ukiona wekundu unaopanuka kama duara, au homa usiyoielewa, mwone daktari na umwambie ulikuwa wapi.

Mteremko wa mwisho wa kuingia Streatley unaisha kwenye lami yenye kona na magari. Utakuwa umechoka na mikono imekufa ganzi, kwa hiyo shika breki mapema. Vuka daraja la Thames kwa kusukuma, uangalie maji. Kituo cha Goring kiko ng'ambo, umbali wa kutembea, na treni ndogo zinazosimama pale hazihitaji nafasi ya baiskeli. Reading ni kama robo saa.